Goti Lililopona na Filamu za Magauni Marefu

Shangazi Dafroza, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Lyamkena, hapa Makambako, nafuma sweta za shule kwa mashine nikiwa nyumbani, na leo mashine nimeisimamisha ili nikuandikie, kwa sababu nikiendelea kulibeba jambo hili peke yangu nitapasuka: mama mkwe wangu anapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa goti, na goti lenyewe, Shangazi, ni zima kuliko langu.

Ngoja nianzie mwanzo ili usinihukumu kabla hujanielewa. Mume wangu anaitwa Lenard, ni Mkinga wa Makete, anaendesha lori la mbao, wiki nyingi yuko barabarani kati ya huku na Dar es Salaam. Mimi ni Mbena, mama yangu alifariki nikiwa bado sijajua kuongea, nikalelewa na mama yangu mkubwa kule mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, alinilea vizuri simlaumu, lakini alikuwa na watoto wake wengi na mimi nilikuwa mtoto wa kusaidia kazi. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikaenda kumsalimia mama mkubwa, uchungu ukanikuta hukohuko, mtoto akazaliwa akiwa ameshafariki. Lenard alikuwa njiani na mzigo, alipofika wanawake walikuwa wameshamaliza kila kitu, akanikuta nimelala nimeangalia ukuta, akanipikia uji, akanirudisha Makambako, akakaa siku chache halafu akapanda lori lake, na tangu hapo hajalitaja neno hilo hata mara moja na mimi sijalitaja, nadhani mwenzangu ameshasahau.

Baridi ilipoanza kukaza, mama mkwe aliteleza kwenye mteremko kule kwao Makete akiwa na gunia la viazi kichwani, goti likavimba, Lenard akamfuata akamleta kwetu awe karibu na hospitali. Daktari akasema mfupa haukuvunjika, mshipa umevutika tu, apumzike atapona. Basi nyumba ikawa na wagonjwa wawili, mmoja wa goti, mwingine haonekani anaumwa wapi. Mama anaitwa Telesia, ni mtu wa maneno machache, alinitazama siku ya kwanza pale kwenye kochi, mapazia nimeyafunga mchana kweupe, hakunipa pole wala hakuniambia Mungu amependa, alisema tu, "Mwanangu, sogea huku kwenye blanketi, hilo jiko la mkaa peke yake halitoshi."

Sasa zikaingia hizo filamu. Lenard alikuwa amempelekea fundi wa pale stendi flashi yetu amjazie muvi za mapigano, sijui yule fundi alichanganya flashi ya nani na ya nani, maana nilipoichomeka kwenye TV hapakuwa na bastola hata moja, palikuwa na wanawake wa zamani waliovaa magauni marefu yanayometameta wakishuka ngazi huku wanaimba, na wanaume wenye makoti ya mikia miwili na kofia ndefu kama sufuria wakigonga sakafu kwa viatu vinavyolia. Lenard akasema, "Haya makorokoro gani tena? Yafute, nitaenda anijazie nyingine," akaondoka na safari zake. Nilishika rimoti nifute, mama akanigusa mkono akasema, "Hebu acha kidogo, nimwone yule wa gauni la kijani anakwenda wapi."

Yule wa gauni la kijani alikuwa anakwenda mbali, Shangazi, kwa sababu hatujaacha kuzitazama mpaka leo. Kwenye flashi zimeandikwa namba tu, hazina majina, kwa hiyo tumezipa majina yetu wenyewe. Kuna ile ya Manyoya, waimbaji wawili wa jukwaani hawataki kutoka nje kwa sababu kila mmoja anaona manyoya ya kichwani mwa mwenzake ni makubwa zaidi, na watu ukumbini wanasubiri mpaka wanasinzia. Kuna ile ya Keki, bwana harusi anamkimbia shangazi wa bibi harusi anajificha ndani ya keki kubwa kama kibanda, halafu wanakuja kuikata. Na kuna ile ya Hoteli, ambayo mama anaipenda kuliko zote, mzee na mkewe wana hoteli kando ya ziwa, miaka mingi hawasemezani, mzee akitaka chumvi anamtuma mhudumu akamwambie bibi, na bibi anamtuma mhudumu yuleyule arudi na jibu, yule mhudumu anakimbia na sinia mpaka anachanganya anampa mgeni jibu la mzee. Zote ni za Kiingereza, mimi nilimaliza kidato cha nne, natafsiri, na pale ninapokwama natunga, na mama ananishika, "Mbona jana huyu alisema anakwenda kwa dada yake na leo unasema anadaiwa kodi?"

Siku ya ile ya Keki ndiyo nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, nilicheka mpaka nikashika tumbo, na nilipolishika tumbo nikakumbuka, kicheko kikageuka kilio nikashindwa kujizuia. Mama hakuzima TV wala hakuuliza, alinivuta kichwa akakiweka kwenye paja la ule mguu mzima, akawa ananisuka nywele huku yule bwana harusi anaendelea kukimbia na krimu usoni. Mimi sijawahi kusukwa na mama yangu, Shangazi, ndiyo nakueleza ili ujue huyu mama mkwe ni nani kwangu.

Basi siku moja nilitoka kupeleka sweta kwa mteja, nikarudi mapema kwa kuwa hakuwepo, nikafungua mlango wa sebuleni nikamkuta mama amesimama katikati ya chumba, fimbo ameitupa kwenye kochi, kanga ameishika pembeni kama gauni, anazunguka. Anazunguka vizuri kabisa, miguu yote miwili. Akaniona, akasimama.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona, mama."

"Basi funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga, nikakaa, nikamuuliza goti limepona tangu lini, akasema muda sasa, siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akachochea mkaa, halafu akaniambia, "Baba Lenard ni mtu mwema. Hajanipiga, hajalewa, hajaleta mwanamke nyumbani. Lakini tangu watoto waondoke tunaongea viazi na mvua. Mimi nikikohoa anaongeza kuni. Yeye akikohoa nachemsha maji. Ndiyo mazungumzo yetu. Hapa nimecheka mpaka mbavu zinauma. Nikirudi, nitacheka na nani?"

Ningefanya nini, Shangazi? Nilimpa fimbo yake nikamwambia sitasema. Na tangu hapo tumekuwa washirika, Lenard akirudi safari mama anachechemea, akiondoka tunavuta kochi pembeni acheze. Baba mkwe wangu, mzee Alfonsi, hupiga simu kila Jumapili akitoka ibadani, anapanda mpaka juu kilimani kwenye mtandao, anauliza, "Goti?" mama anasema, "Bado," anasema, "Viazi vimechipua," mama anasema, "Vizuri," anasema, "Haya," simu inakatika, na mimi nikisikia hivyo najisemea kweli mama arudi kufanya nini. Jirani alipita akatuona tunatazama akasema hayo ni mambo ya dunia, hayafai kwa wanawake wa usharika, nikaona haya lakini sikuzima.

Mambo yameharibika juma lililopita. Lenard amekonda kwa hilo goti, akitoka safari jambo la kwanza ni goti, amewaita akina mama wa usharika wakaja kuomba nyumbani, mama ameweka mguu kwenye kigoda amefumba macho, nami nikaitikia amina huku uso unaniwaka moto. Baada ya hapo ametafuta daktari bingwa wa mifupa, amepata nafasi, ameomba ruhusa kazini, wanaondoka wiki ijayo, na amesema kwa furaha kabisa, "Mama, wakilifungua wataona tatizo." Mama anasema atakwenda tu, akifika huko atasema limepona ghafla. Mimi naogopa wasije kweli wakampasua, na naogopa Lenard akijua nilijua, na naogopa zaidi mama akiondoka nibaki na ile nyumba na lile kochi na yale mapazia.

Niseme au ninyamaze? Na je, kutazama hizo filamu ni kosa? Na kama si kosa, kuna nyingine za aina hiyo zinazofaa kutazamwa, maana hizi tumeshazijua zote? Nisaidie, Shangazi, siku zimebaki chache.

Dorika, Lyamkena

—

Dorika mwanangu, marahaba.

Nimekupigia simu kabla ya gazeti kutoka kwa kuwa siku ya hospitali ilikuwa inakaribia, lakini naandika hapa yale niliyokwambia, maana najua wako wengine wanaotazama ukuta kama ulivyokuwa unautazama wewe.

Kwanza pole kwa mtoto. Naona umemtaja harakaharaka katikati ya barua kama mtu anayepita mbele ya mbwa, ukakimbilia kwenye goti. Nami nitalirudia hilo, usidhani limenipita.

Sasa nikugombeze. Umewaacha watu wapige magoti sebuleni kwako kumwombea mtu mzima wa afya, ukaitikia amina. Umemwacha mumeo apoteze usingizi kwa mguu unaocheza dansi akiwa hayupo. Uliambiwa siri siku moja mlangoni, ukaichukua bila hata kukaa nayo chini. Siri ya kutazama filamu mchana ni yenu, itunzeni mpaka mchoke. Siri inayomlaza mama kwenye kitanda cha upasuaji si yako kuitunza, na kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kumsaidia aumie.

Halafu unaniambia unanyamaza kwa ajili ya mama Telesia. Soma mwisho wa barua yako mwenyewe. Unanyamaza kwa ajili yako. Unaogopa kubaki na mapazia yaliyofungwa. Sikulaumu kwa hilo hata kidogo, mtu aliyekosa mama tangu utotoni akimpata mmoja ukubwani, atamficha hata chini ya kitanda. Lakini lijue jina lake, ili usije ukamtwika mama wa watu uoga wako.

Na Lenard. Unasema amesahau. Dorika, umeishi na mwanaume huyo, hebu mtazame. Mtu aliyesahau hakondi. Alifika Ramadhani akakuta mambo yamekwisha, hakuna aliyemwonyesha kitu, hakuna aliyemwambia afanye nini, akaona jiko akapika uji, kwa kuwa uji ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba ile. Kisha Mungu akamletea goti. Anahangaika na goti kwa sababu goti linatibika. Lina daktari, lina miadi, lina barabara ya kwenda. Kile kingine hakina miadi, wala wewe hukumfungulia mlango. Umecheka, umelia na umesukwa nywele na mama yake, nikafurahi kusoma, lakini yeye amelia wapi? Ndani ya lori?

Unamsikitikia mama mkwe kwamba yeye na mzee wake wanaongea viazi. Mwanangu, ninyi mnaongea goti. Tofauti yenu na wale wazee ni umri tu, na mkiendelea hivi mtaufikia.

Fanya hivi. Leo, kabla hujaweka sufuria jikoni, kaa na mama Telesia umwambie kwa heshima zote kwamba hutaweza kunyamaza, na kwamba ungependa mseme pamoja. Usimzunguke, usimwendee mumeo kwa mlango wa nyuma. Lenard akirudi, muacheni anawe, ale, kisha mwambieni. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki. Usijitetee kwa filamu, usijitetee kwa mimba. Akimaliza hasira, hapo ndipo umwambie habari za mtoto, wewe mwenyewe, mama akiwa ametoka nje. Usimuulize kwa nini alinyamaza. Mwambie ulivyokuwa.

Mama Telesia naye ana kazi yake. Jumapili mzee akipiga simu aambiwe kweli, na mkewe, si kwa kinywa chako. Asiambiwe viazi. Aambiwe, "Nimepona, na siji mpaka tuongee." Kisha aalikwe. Umenieleza kwenye simu kwamba kwenu mkwe wa kike hajinyooshi kwenye kochi mbele ya baba mkwe, ni adabu nzuri, itatusaidia: wewe utakaa jikoni. Wawekee ile ya Hoteli, funga mlango, pika taratibu.

Umeuliza kama ni kosa. Mimi sijaona kosa katika gauni linalofika chini. Huyo jirani yako mkaribishe, mpe blanketi, mwekee ile ya Keki, kisha tumsikie. Na nyingine zipo nyingi sana, watu wa zamani walipenda kuimba kwenye ngazi. Mimi nachagua hivi. Nachagua ile ambayo watu wanagombana vizuri kabla ya kuimba, kwa sababu wanaoimba tu bila ugomvi wananichosha. Nachagua ile yenye watumishi na wazee waliopewa maneno yao ya kusema, si kupita tu na masinia. Nachagua kichekesho ambacho anayeanguka ni yule mwenye kiburi, na kama anayechekwa ni kilema au maskini, nazima. Na kama magauni ni mazuri kuliko watu, nazima pia. Mwambie fundi wa stendi akosee tena, lakini safari hii umsimamie.

Usiogope kubaki. Nyumba inayobaki na watu wawili wanaosemezana haijabaki tupu.

Shangazi Dafroza

—

Juma hili nimepata barua nyingine kutoka Lyamkena. Ameniruhusu niiweke, nami naiweka kama ilivyo.

Shangazi, shikamoo tena.

Nilifanya kama ulivyosema, isipokuwa hakunawa wala hakula, kwa sababu alikuja mchana akawa anaosha lori pale nje na mama akasema hawezi kungoja chakula na jambo hili tumboni. Tukatoka wote wawili. Mama akaiegemeza fimbo ukutani, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye lori bila kuchechemea, akasema, "Lenard, limepona. Limepona zamani. Nilikudanganya, na mkeo aligundua akaninyamazia kwa kuwa nilimwomba."

Lenard alishika mpira wa maji unamwaga chini, akatutazama, akasema, "Nimeomba ruhusa kazini. Nimewaita watu wakaombe." Mama akasema, "Ndiyo." Akasema, "Silali, mama." Mama akasema, "Najua, nakusikia." Akatupa mpira akaenda upande wa pili wa lori, mama akaingia ndani, mimi nikabaki sijui nikae wapi. Nikazunguka nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya kupandia, nikakaa chini yake kwenye jiwe, nikamweleza. Nilimweleza kila kitu cha siku ile, uchungu ulivyoanza nikiwa nachambua mboga, mama mkubwa alivyonishika, baridi ilivyokuwa, walivyomfunga kwenye kanga yangu mpya. Aliangalia tairi muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, sauti ndogo kama si ya kwake, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Shangazi, alikuwa hajui. Miezi yote hiyo, hakuna aliyemwambia na hakuthubutu kuuliza. Nikamwambia, wa kiume. Akaweka kofia usoni. Nikapanda nikakaa naye kwenye ile ngazi, ni nyembamba haitoshi watu wawili, tukakaa hivyohivyo.

Mzee Alfonsi alipoambiwa Jumapili alisema neno moja tu, "Nakuja." Akaja na basi la Makete, amevaa koti lake la ibada na ana debe la viazi. Nilimwamkia kwa kupiga magoti, nikampa maji na chai, nikawawekea ile ya Hoteli, nikaingia jikoni kama ulivyoniambia, lakini mlango wenyewe haufungi vizuri, sikusikiliza kwa makusudi. Kwa muda mrefu ilikuwa nyimbo tu. Mama alikuwa anamtafsiria, na amenizidi, maana anatunga bila haya. Pale wanaume wanapoanza kucheza na wake zao ukumbini nikamsikia mzee anauliza, "Huyu bwana hana shamba?"

Mama akajibu, "Ana mke."

Kwenye TV mhudumu akakimbia na sinia lake, akaanguka, na nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu niolewe ukoo ule: mzee anacheka. Anacheka kama mtu anayekohoa, hajazoea. Halafu mama naye. Halafu mzee akasema, "Telesia, na mimi nilikuwa natuma mhudumu. Nilikuwa nakutumia viazi." Aliyoyasema baada ya hapo sikuyasikia, nilifungulia maji kwa nguvu yajae ndoo, kwa kuwa hayakuwa yangu.

Alikaa kwetu zaidi ya juma, akazitazama zote, ile ya Manyoya hakuielewa, akasema wale wanawake wangepewa shamba la kulima kila mmoja wangeelewana. Jirani yetu alikuja kuwasalimia wazee, akakaa pembeni ya mlango kama mtu anayeondoka, na aliondoka filamu ilipokwisha. Lenard aliwaendea wale akina mama wa usharika mwenyewe, akawaambia goti limepona na akawaomba radhi, wakacheka, wakasema basi maombi yalifika kabla hayajaombwa.

Kisha wakaenda zao Makete, wote wawili. Nililia stendi, siwezi kukudanganya. Mama akaniambia baridi ya mwezi wa saba ikimshinda atakuja, na hatahitaji ugonjwa wa kumleta. Lenard amewanunulia flashi yao, na kule kwa jirani yao kuna TV ya sola, nasikia sasa watu wanajaa.

Nyumba ilikuwa na ukimya siku za kwanza, sikatai. Lakini Lenard aliomba siku moja ya mapumziko, tukaenda Njombe kwa mama mkubwa, nikampeleka nyuma ya nyumba kwenye miparachichi nikamwonyesha mahali alipolazwa. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Alichuchumaa akang'oa majani kwa mkono, polepole, akasafisha pote. Akauliza tulimpa jina gani. Nikasema hatukumpa, hakuna aliyekumbuka. Akasema, "Basi tumpe." Tukasimama pale tukitaja majina na kuyakataa, mpaka tukapata Yoeli, lilimkaa.

Tulipotoka barabarani Lenard akampigia mama. Ilikuwa si Jumapili, lakini siku hizi wanapanda kilimani hata katikati ya juma. Akamwambia. Tukasikia upepo, na sauti ya mzee nyuma yake ikiuliza, "Nani huyo? Wanasemaje?"

Mama akamjibu, "Ni habari za mjukuu wetu. Anaitwa Yoeli."

Na tukamsikia mzee analitamka, "Yoeli," taratibu, kisha akalirudia.

Wako,
Dorika